Hakuna Kuugua Kabla ya Kiazi cha Mwisho

Septemba 16
Malene, yule dada wa afya aliyeletwa na kiwanda mwezi uliopita, ametugawia madaftari wafanyakazi wote. Kila jioni tuandike tulichokula, tulivyolala, tulivyotembea. Haya basi. Leo nimekula. Nimelala. Nimetembea kutoka jiko la kantini hadi kwenye sinki na kurudi, kutwa nzima. Kurasa zilizobaki nitaandika ninachotaka mimi, maana karatasi ni nzuri na kiwanda hiki cha sukari hakijanipa kitu cha bure tangu mwaka ule walipotugawia miavuli.

Msimu umeanza. Malori ya kwanza ya viazi sukari yamepita mbele ya dirisha la kantini alfajiri, barabara yote tope, na ile harufu tamu nzito imeshaingia kwenye mapazia. Kuanzia leo hadi Januari kiwanda hakizimwi, iwe Jumapili, iwe Krismasi. Verner, mume wangu, ni mpika sukari kwenye zamu anayoiongoza Flemming. Ana miaka sitini na moja, na asubuhi alikuwa anapiga mluzi bafuni kama mvulana anayekwenda kwenye dansi.

Septemba 19
Mkutano kantini. Meneja alisimama mbele ya masufuria yangu akaeleza kiwanda kinavyolipa watu waliolala vitandani kwao. Pesa za wagonjwa wa mwaka jana, alisema, zingenunua tanuri jipya. Kisha akampisha Malene, naye akatuambia pesa hizo zinaanzia wapi: sigara, siagi, bia, kukaa chini. Aliyasema kwa upole, lakini watu walikuwa wanamtazama kama aliyewaingilia chumbani.

Halafu meneja akatangaza shindano. Zamu itakayomaliza msimu bila mtu hata mmoja kuchukua likizo ya ugonjwa, kila mtu wake atapewa paja zima la nguruwe lililokaushwa kwa moshi. Mkutano wa kupunguza mafuta, zawadi paja la nguruwe. Nilicheka mpaka nikaingia stoo.

Verner akainua mkono. "Mimi navuta tangu shule, siagi nakula kwa kijiko, na sijawagharimu hata siku moja ya ugonjwa. Sasa mnataka kunipunguza wapi?"

Kantini nzima ilipiga makofi. Na mimi nilipiga.

Malene anatoka Kopenhageni, kwa hiyo hajui. Hapa kisiwani hakuna anayeugua kabla ya kiazi cha mwisho kuingia kiwandani. Haikuandikwa popote, baba zetu walifanya hivyo na sisi tunafanya. Ukianza kukohoa Oktoba, utaugua Februari. Mwaka jana Flemming alimaliza msimu na mbavu iliyovunjika, akilala akiwa amekaa. Februari ikifika nusu ya kisiwa iko kitandani na daktari anakosa pa kupaki gari lake.

Septemba 30
Amri mpya jikoni. Mchuzi mzito basi. Siagi ipimwe. Ijumaa, badala ya nyama ya nguruwe yenye ngozi ya kukaangwa, samaki na karoti. Nimempa Malene jina, Binti Karoti, na jina limeshafika mpaka kwa madereva wa malori.

Oktoba 4
Ijumaa ya samaki. Waliokula ni wanane. Wengine walikwenda kwenye gari la soseji nje ya geti, foleni mpaka barabarani. Yule mwenye gari amenipungia mkono. Siagi ya Verner nimeificha chini ya kaunta, na anajua pa kunyoosha mkono.

Oktoba 9
Leo ilikuwa kupima presha. Malene aliweka meza yake kati ya sufuria la supu na rafu za sahani, na wanaume wakapanga foleni wakitaniana nani ana mkono mnene. Verner alipokaa, alimpima mkono wa kushoto. Akampima wa kulia. Akamwambia apumzike kidogo, akampima tena. Verner akasema mashine imempenda. Watu wakacheka, Malene hakucheka. Alimwinamia akamwambia kitu taratibu, naye akateremsha mkono wa shati akaondoka bila kufunga kifungo.

Kwenye gari nilimuuliza alichoambiwa. Akasema apunguze chumvi.

Oktoba 11
Viazi, samaki, mvua.

Oktoba 24
Verner ameanza kusimama katikati ya ngazi za nyumbani. Anatoa simu mfukoni, anasoma ujumbe, kisha anaendelea kupanda. Mume wangu hana mtu wa kumtumia ujumbe.

Novemba 1
Nimemfuata Malene ofisini kwake. Nikamuuliza waziwazi mume wangu ana nini. Akasema, "Solvej, siruhusiwi kukwambia." Basi nikampa zake. Nikamwambia ameingia kantini yangu na mizani yake, amewapima watu kama ng'ombe mnadani, halafu mke wa mtu akiuliza anajifanya bubu. Alisikiliza yote akitazama sakafu. Nilipomaliza akasema, "Muulize yeye. Muulize tena na tena, usichoke."

Mtu hakwambii usichoke kwa sababu ya chumvi.

Novemba 5
Nilimuuliza akivua viatu, nikamuuliza tukila, nikamuuliza akiwa ameshika gazeti. Mwishowe akalikunja.

Alikwenda kwa daktari wa mjini kimyakimya, baada ya zamu, wiki ile ile ya kupimwa. Presha iko juu, lakini siyo presha inayomtia wasiwasi daktari. Moyo. Mishipa yake imeziba, pengine miwili, pengine zaidi, hawajui mpaka waitazame. Hospitali ya Nykøbing ilimpa tarehe, Novemba ishirini na saba. Na yeye akawapigia simu akaisogeza mpaka Januari kumi na nne.

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamwambia arudie.

"Kiazi cha mwisho ni tarehe kumi Januari," akasema. "Nimechukua wiki inayofuata. Nimeshapanga vizuri, mama."

"Umepanga na nani? Umepanga na moyo wako?"

"Mama, sikiliza. Nikienda Novemba watanilaza. Nikilazwa, nani anapika sukari? Na zamu inapoteza shindano. Kwa sababu yangu. Mimi, niliyesimama mbele ya watu wote nikajitapa."

"Watu wote watakuja kwenye mazishi yako, mzee, wapige makofi tena."

Kisha akasema Januari si mbali. Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa na baridi ingawa alikuwa amekaa karibu na jiko la kuni. Nimelia nikiosha vyombo. Naogopa. Naandika neno hilo hapa kwa sababu sijawahi kumwambia mtu kwamba naogopa chochote.

Novemba 10
Usiku wa Mtakatifu Martin, kisiwa kizima kinakula bata. Nimeondoa ngozi kabla ya kumpakulia. Aliitazama sahani yake, akanitazama mimi, akala.

Novemba 14
Nimemwambia Flemming. Sikumuomba Verner ruhusa. Wawili hawa walikaa dawati moja shuleni, wamegawana kila kitu isipokuwa mimi. Flemming alikaa kwenye kiti cha kantini akasugua uso kwa mikono miwili. Nilitegemea ataniletea habari za zamu na paja la nguruwe, nikawa nimeshajiandaa kugombana. Akasema atazungumza naye, na ataazima mpika sukari kutoka zamu ya pili hata kama ni kwa kupiga magoti.

Novemba 15
Verner amerudi nyumbani, amekula, amelala. Hakusema neno.

Novemba 16
Kimya.

Novemba 18
Kimya. Mvua.

Novemba 21
Leo amesema. Alikuwa anafunga kamba za viatu na hakuniangalia. "Umenifanya mgonjwa mbele ya watu wangu." Kisha akaenda kazini. Flemming kaniambia baadaye kwamba alipomgusia habari ya kumpata mtu wa kumshikia nafasi, Verner alimuuliza kama ile mbavu yake ya mwaka jana ilishikiwa nafasi na mtu. Flemming akakosa la kusema. Nilimkasirikia, halafu nikaona hata mimi ningekosa. Mwaka jana mimi ndiye niliyempelekea Flemming kahawa na kumwita mwanaume kweli.

Novemba 27
Siku yenyewe. Saa nne asubuhi, saa aliyotakiwa awe Nykøbing amevuliwa shati, nilikuwa nakata karoti. Kwenye dirisha nilimwona anavuka uwanja kwenye mvua na sigara mdomoni, anapanda ngazi za chuma kuelekea kwenye mitambo. Alisimama katikati, akatoa simu.

Desemba 3
Mvua haikatiki. Matrekta yanazama mashambani mpaka kwenye ekseli, viazi vimelala ardhini na hakuna wa kuving'oa. Wanasema msimu huenda ukarefuka. Sitaki kusikia.

Desemba 6
Malene alikuja jikoni kabla ya chakula, akachukua kisu, akakaa kumenya viazi vya chakula cha mchana nami bila kuombwa. Anamenya vibaya, nusu ya kiazi inakwenda na ganda. Tulikaa hivyo muda mrefu. Kisha akaniambia meneja amefurahi sana. Siku za ugonjwa zimepungua kuliko msimu wowote. Amemwambia ataandikiwa barua ya sifa.

"Basi hongera," nikasema.

"Solvej, mimi nilitaka waende kwa daktari mapema. Yeye anataka wasiende kabisa. Na kwenye hesabu yake hivi vitu viwili vinafanana."

Nilimtazama akaanza kulia, machozi yanadondokea kwenye beseni la viazi. Ameomba shindano lifutwe. Meneja kamjibu huwezi kufuta kitu kinachofanya kazi. Nikampa taulo. Nikamwonyesha namna ya kushika kisu. Kuanzia leo simwiti tena Binti Karoti, na nitakayemsikia anamwita hivyo atajipakulia mwenyewe.

Jioni nimeitoa ile siagi chini ya kaunta nikaitupa. Kesho Verner atanyoosha mkono na hatakuta kitu.

Desemba 7
Alinyoosha. "Hata wewe?" akasema. "Hasa mimi," nikamjibu.

Lakini jioni tumeongea. Amesema hana hasira tena, amechoka kuwa na hasira, inampa maumivu hapa. Akaweka kiganja kifuani. Ndiyo mara ya kwanza ameonyesha.

Desemba 13
Samaki. Waliokula ni zaidi ya nusu. Gari la soseji limezama kwenye tope la getini, labda ndiyo sababu.

Desemba 24
Zamu yake iliisha saa nane mchana, kwa hiyo tulikuwa na jioni yetu. Niliwasha mishumaa ya kweli kwenye mti kama anavyopenda. Tuko wawili tu, lakini tumeshikana mikono kuuzunguka na kuimba, kama kila mwaka, na kila mwaka tunajiona wajinga na tunafurahi. Ubeti wa pili akasimama. Akasema mti wa mwaka huu umepinda, hebu aukague. Aliukagua muda mrefu, ameshika kiti. Mimi niliendelea kuimba peke yangu ili asisikie anavyohema.

Tulipokaa nikamwomba, kama zawadi yangu ya Krismasi, apige simu hospitali waisogeze tarehe iwe mapema zaidi. Sikutaka kitu kingine. Akasema, "Wiki tatu tu, mama. Umevumilia miaka yote hii, wiki tatu zitakushinda?" Akanipa glavu za ngozi. Ni nzuri sana.

Januari 2
Jua! Matrekta yameingia mashambani.

Januari 4
Mvua.

Januari 7
Tangazo limebandikwa kantini. Viazi vingi bado viko ardhini. Kiazi cha mwisho hakitakuwa tarehe kumi. Labda ishirini na nne, labda mwisho wa mwezi, kutegemea hali ya hewa.

Verner alipiga simu hospitali nikiwa nimesimama palepale jikoni kwetu na kitambaa mkononi. Alimwambia mama mmoja wa mapokezi samahani, kazi imerefuka, naomba tarehe nyingine. Alikuwa na adabu nyingi, alicheka hata. Wamempa Jumanne, Februari nne. Alipokata simu nilimwambia nitakwenda kwa meneja, nitapanda juu ya meza ya kantini nitangaze, nitamwaga supu mlangoni. Nilimwambia mengi. Alingoja nimalize.

"Ukifanya hivyo nitakwenda," akasema. "Utakuwa umenishinda na nitakwenda. Lakini sitaweza tena kukaa na watu wangu. Chagua wewe."

Sikupanda juu ya meza. Nimekaa nalo hili tangu jioni na sijui kama nimemheshimu au nimemwacha.

Januari 8
Flemming amemtoa kwenye ngazi. Kamwekea kiti chini, karibu na vioo vya kutazamia sukari, na vijana wanamletea sampuli. Verner amekubali shingo upande kwa sababu Flemming alimwambia ni amri ya kazi. Sikujua kama Flemming ana moyo mkubwa hivi. Nimempelekea keki.

Januari 17
Mvua. Samaki.

Januari 21
Baridi kavu, ardhi imeganda. Matrekta yanakimbia mchana kutwa. Mungu wangu, endelea hivi hivi.

Januari 31
Kiazi cha mwisho.

Walikipaka rangi za bendera, nyekundu na nyeupe, wakakivika kofia ya karatasi. Mwenye umri mkubwa kuliko wote kwenye zamu ndiye hukitupa kwenye mkanda wa mitambo, na mwaka huu ni Verner. Tulisimama wote kwenye baridi, watu wa jikoni na aproni zetu. Alikibeba kwa mikono miwili mpaka kwenye mkanda, akakiweka badala ya kukitupa, na king'ora kikalia kwa muda mrefu mpaka masikio yakauma. Zamu yao imeshinda. Hakuna aliyeugua. Meneja aliwapa mikono mmoja mmoja. Malene alisimama kando yangu na hakupiga makofi, akanishika mkono ndani ya mfuko wa koti langu.

Nyumbani Verner alitoa pakiti zake mbili za sigara akazitia kwenye jiko la kuni, akafunga mlango wa jiko. "Haya," akasema, "sasa naweza kuumwa." Akacheka, na mimi nikacheka, jamani, nilicheka kweli. Mzigo wa miezi umenishuka mabegani. Siku nne tu.

Februari 1
Amelala kutwa. Jioni aliuliza avae shati gani, lile ambalo vifungo vinafunguka upesi, asiwacheleweshe madaktari. Nimelipiga pasi. Tumekula supu ya kabichi na hakudai siagi.

Februari 2
Verner amefariki leo asubuhi.

Februari 3
Nitaandika, maana nisipoandika nitaendelea kuyaona.

Tulikuwa mezani. Mikate midogo ya Jumapili, mayai. Alilalamika kwamba siagi ya mimea ina ladha ya mshumaa, akala hata hivyo. Kisha akasema anakwenda kuchukua kuni. Nilianza kuondoa sahani. Dirishani nikamwona amekaa kwenye gogo la kupasulia kuni, amenipa mgongo, ameinama kidogo, kama anavyokaa siku zote anapovuta kwa kujificha. Nikawaka. Siku mbili tu, nikasema moyoni, na umeshanunua nyingine. Nikagonga kioo. Nikagonga kwa nguvu, kwa pete. Hakugeuka, nikadhani ananipuuza, nikamalizia kufuta meza. Nilifuta meza yote. Halafu nikatoka nikiwa na maneno yangu tayari mdomoni.

Mikononi hakuwa na sigara. Alikuwa ameshika kipande cha kuni.

Leo mchana amekuja meneja na Flemming. Bendera ya kiwanda iko nusu mlingoti, naiona kutoka chumbani. Meneja alileta maua meupe akakaa kwenye ukingo wa kiti. Sidhani kama ni mtu mbaya. Alikuwa na macho mekundu. Alisema Verner alikuwa mfano kwa wote. Miaka thelathini na kitu, akasema, na hata siku moja ya ugonjwa hakuchukua.

"Angechukua moja," nikamwambia, "leo ungekuwa unakunywa kahawa naye."

Flemming alisimama akaenda dirishani. Niliwamiminia kahawa, kwa sababu ndiyo kazi yangu, na walikunywa.

Februari 4
Simu imelia saa nne na nusu. Nilidhani ni mchungaji.

Alikuwa yule mama wa mapokezi wa hospitali ya Nykøbing. Sikukumbuka kuwaarifu, sikukumbuka chochote. Aliuliza kama hapo ni kwa Verner, nikasema ndiyo. Akasema wamemsubiri nusu saa na hajatokea. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuchoka. Akasema hii ni mara ya tatu, wamemwekea chumba, daktari amekaa bure, na kila asiyefika anawagharimu sana na anamzibia mgonjwa mwingine. Je, ana nia ya kuja au hana?

Shati lilikuwa bado limetundikwa mlangoni. Nililishika mkono wake.

"Alikuwa anakuja," nikamwambia. "Safari hii alikuwa anakuja."